Insafu katika Kuihukumu Shule

Mkongo aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu akapewa makazi Texas, Mkenya aliyefuata kazi ya uuguzi Minnesota, na Mtanzania aliyejenga maisha yake pembezoni mwa Washington, wote watatu, mtoto wao afikapo umri wa miaka kumi au kumi na mmoja, hukabiliwa na jambo ambalo wazazi wao hawakupata kulikabili: kuchagua, baina ya shule ya umma ya mtaa wao na shule ya mkataba iliyo mwendo wa basi, ni ipi itakayomfaa mtoto huyo katika miaka mitatu au minne inayotangulia sekondari ya juu. Huonyeshwa orodha zenye asilimia za ufaulu, husomewa sifa za shule na wakubwa wa shule wenyewe, kisha huambiwa wachague. Nia ya makala haya ni kusema kwamba orodha hizo, zikisomwa kama zisomwavyo na wengi, huwadhulumu wazazi, huwadhulumu walimu, na zaidi ya wote huwadhulumu watoto wa maskini. Na kwamba ipo njia ya insafu ya kuihukumu shule, nayo ni kuuliza kwa pamoja mambo manne ambayo aghalabu huulizwa mbalimbali au hayaulizwi kabisa: shule ilimpokea mtoto akiwa na nini, ilimfikisha wapi, ilitumia nini kumfikisha huko, na ni akina nani waliopotea njiani.

Yafaa kwanza tueleze shule zenyewe, maana msomaji wa pwani na bara ya kwetu aweza kudhani kuwa ni shule za watu binafsi zenye ada, nazo sizo. Shule ya mkataba ni shule ya umma; hulipiwa na hazina ya umma kwa hesabu ya vichwa vya wanafunzi wake, haimtozi mzazi ada, haina ruhusa ya kumteua mtoto kwa akili yake au kwa mfuko wa baba yake, na waombaji wakizidi nafasi zilizopo majina hupigiwa kura ya bahati nasibu. Tofauti yake na shule nyingine za umma ni kwamba haiamriwi na ofisi ya elimu ya mji, bali huongozwa na bodi yake yenyewe chini ya mkataba wenye muda maalumu, na muda huo ukiisha hutazamwa kama ahadi zimetimizwa. Zisipotimizwa mkataba waweza kufutwa na milango ikafungwa. Wazo hili lilivuma mwaka 1988, pale Albert Shanker, aliyekuwa kiongozi wa chama kikubwa cha walimu kiitwacho American Federation of Teachers, alipotaka walimu wapewe nafasi ya kujaribu njia mpya za kufundisha. Jimbo la Minnesota likatunga sheria ya kwanza mwaka 1991, na shule ya kwanza, City Academy ya mji wa St. Paul, ikafunguliwa mwaka 1992. Leo shule za namna hiyo zimepita 7,000, zinafundisha watoto zaidi ya milioni 3, na nyingi zimo katika miji mikubwa, katika mitaa ya watu wa kipato kidogo, ambamo Waafrika Waamerika, watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini na wahamiaji wapya huishi kwa wingi.

Msomaji ataona kwamba msingi wote wa mapatano haya ni tathmini. Shule imepewa uhuru ili itoe hesabu. Na kama hesabu ni ya uongo, au ni ya kweli lakini imepigwa vibaya, basi uhuru umetolewa bure na fedha za raia zimekwenda pasipo thamani. Kwa sababu hiyo nasema kuwa namna ya kuipima shule si jambo dogo la kuachiwa makarani wa takwimu, bali ni jambo la haki, nalo lamhusu kila mzazi na kila mlipa kodi.

Namna iliyozoeleka ni hii. Tangu sheria ya No Child Left Behind, iliyotiwa saini mwaka 2002, ilipoanza kutekelezwa kikamilifu, watoto wote wa shule za umma za Marekani, kuanzia darasa la tatu hadi la nane, hutahiniwa kila mwaka katika kusoma na katika hesabu, na sheria iliyofuata mwaka 2015 haikuuondoa mtihani huo. Shule za kati, ambazo huchukua watoto wa darasa la tano au la sita hadi la nane, zimeangukia ndani ya miaka hiyo nzima nzima, hata hakuna darasa lao moja lililoepukana na mtihani wa jimbo. Matokeo hutangazwa kwa asilimia: katika shule hii watoto 70 katika 100 wamefikia kiwango, katika ile 35. Mzazi akisoma hivyo huona kuwa ya kwanza ni njema na ya pili ni mbovu, wala hakuna wa kumlaumu, kwa kuwa hakuna aliyemweleza zaidi.

Lakini asilimia hiyo, kwa sehemu kubwa, ni habari ya nyumba walizotoka watoto na si habari ya kazi ya walimu. Jambo hili si geni. Mwaka 1966 James Coleman na wenzake, baada ya kuchunguza wanafunzi wapatao 600,000 wa nchi nzima ya Marekani kwa amri ya serikali, walibainisha kwamba tofauti za matokeo baina ya wanafunzi zilifungamana na hali ya familia zao kuliko zilivyofungamana na majengo, vitabu au maabara za shule zao. Mtu akiwalinganisha wakulima wawili kwa magunia waliyovuna, mmoja akiwa amelima bonde la mto na mwingine jabali, hukumu yake haitakuwa juu ya wakulima bali juu ya udongo. Na ndivyo tufanyavyo kila tusomapo orodha ya ufaulu pasipo kuuliza watoto walianza wapi. Shule ya kati iliyompokea mtoto wa darasa la tano asomaye kama wa darasa la pili, ikamtoa darasa la nane akisoma kama wa darasa la saba, imemkuza kwa miaka mitano ndani ya miaka mitatu au minne, na katika orodha ataandikwa kuwa ameshindwa. Na shule iliyompokea mtoto aliyekwisha kujua, ikamwacha alipokuwa, itaandikiwa kuwa imefaulu. Sijui dhuluma iliyo wazi kuliko hiyo kwa mwalimu aliyefanya kazi.

Dawa ya kwanza, basi, ni kupima mwendo na si mahali pa kufikia. Dawa ya pili ni kulinganisha watoto wanaolingana, na hapa shule za mkataba zimewapa wachunguzi fursa ambayo ni nadra katika mambo ya elimu. Daima husemwa kwamba mzazi anayehangaika kutafuta shule nyingine ni mzazi mwenye bidii, na kwamba mtoto wake angefanya vizuri popote. Hoja hiyo ni ya kweli kiasi, lakini kura huijibu. Waombaji 300 wa nafasi 100 wote wana wazazi wenye bidii. Kura ikishawagawa, wale waliopata na wale waliokosa kwa wastani ni sawa katika kila jambo isipokuwa shule waliyoingia, hata tofauti ikionekana baina yao miaka miwili au mitatu baadaye ni tofauti iliyoletwa na shule. Kwa njia hiyo wachumi wa vyuo vya Marekani walichunguza shule za mkataba za Boston na kutangaza mwaka 2011 kuwa watoto waliopata nafasi kwa kura katika shule za kati za mji huo walipanda sana katika hesabu, na walipanda pia, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi, katika Kiingereza.

Hata hivyo mtu asidhani kuwa jina la mkataba peke yake lina baraka. Mwaka 2009 kituo cha CREDO cha chuo kikuu cha Stanford kililinganisha shule za mkataba za majimbo 16 na shule za umma zilizo jirani, na katika hesabu kikakuta asilimia 17 tu zilizozidi, asilimia 37 zilizopungua, na zilizobaki hazikuwa na tofauti. Lakini kituo hicho hicho kilipochunguza mwaka 2015 maeneo 41 ya mijini, kiliona kwamba wanafunzi wa shule za mkataba za mijini kwa jumla walipata kwa mwaka maendeleo yanayolingana na siku 40 za ziada za masomo katika hesabu na siku 28 katika kusoma, huku miji mingine ikiwa juu sana na mingine ikiwa chini ya shule za kawaida. Anayezipenda shule hizi atachukua uchunguzi wa pili, anayezichukia atachukua wa kwanza, na kila mmoja atadhani ameshinda. Insafu ni kukiri kwamba chunguzi zote mbili zina neno moja la kutuambia: hapana shule ya mkataba kwa ujumla wake ya kusifiwa wala ya kulaaniwa, bali ipo shule hii na shule ile, na kila moja hupaswa kusimama kwa matendo yake.

Natuitazame, kwa mfano, shule moja ya kati ya mjini New York ambayo hesabu zake zimekwisha kuwekwa hadharani, ambamo masuala ya ufaulu na ya mali yamefungamana kiasi cha kutotenganishika. Shule hiyo, The Equity Project, ilifunguliwa mwaka 2009 katika mtaa wa Washington Heights, kaskazini mwa kisiwa cha Manhattan, ambako wengi wa wakazi ni watu wa asili ya Amerika ya Kilatini na kipato chao ni kidogo. Mwanzilishi wake, Zeke Vanderhoek, alishika shauri moja: kwamba katika vyote vinavyonunuliwa kwa fedha ya shule, hakuna kinachomfaa mtoto kuliko mwalimu bora, akaahidi kila mwalimu mshahara wa dola 125,000 kwa mwaka, takriban mara mbili ya kile alichopata mwalimu wa kawaida nchini humo, na juu yake bahshishi kwa kutegemea matokeo ya shule nzima. Fedha hizo hakuziomba kwa wahisani, bali alizipata kwa kukata mahali pengine: mkuu wa shule alilipwa chini ya walimu wake, wasaidizi wa ofisi walikuwa wachache, walimu wenyewe walibeba kazi za uongozi, na darasa moja lilikuwa na watoto wapatao 31, idadi ambayo wazazi wengi wa Marekani huiona kubwa mno. Majengo nayo hayakuwa ya fahari. Shule ilianza katika vyumba vya muda vya kuhamishika, ikaongeza darasa moja kila mwaka hadi kufikia la nane.

Miaka ya mwanzo matokeo hayakuwa ya kujivunia, na magazeti ya New York hayakusita kusema hivyo. Lau hukumu ingalitolewa wakati ule kwa kuangalia orodha peke yake, shule ingalitiwa katika kundi la zilizoshindwa na shauri lake likatupwa. Lakini mwaka 2014 wachunguzi wa taasisi ya utafiti ya Mathematica, waliofuatilia wanafunzi kwa miaka minne na kuwalinganisha na watoto wa New York waliofanana nao kwa hali na kwa alama za awali, walipata kwamba aliyesoma pale tangu darasa la tano hadi la nane alikuwa ametangulia wenzake katika hesabu kwa kiasi cha mwaka 1.6 wa masomo, katika sayansi kwa 0.6, na katika Kiingereza kwa 0.4. Uchunguzi huo haukuficha upande wa pili: karibu nusu ya walimu waliokuwa wageni katika shule hawakurudi mwaka wa pili, baadhi kwa kutotakiwa na baadhi kwa hiari yao, maana kazi ilikuwa nzito kama mshahara ulivyokuwa mnono.

Nimeikalia habari hii kwa sababu ndani yake mna mafunzo mawili. Kwanza, shule haihukumiwi kwa mwaka mmoja, kwa kuwa mtoto hukua kwa miaka na taasisi hukomaa kwa miaka. Pili, kuuliza shule ina fedha kiasi gani ni nusu ya swali; nusu ya pili, ambayo ndiyo yenye uzito, ni kuuliza fedha hizo zimeelekezwa wapi na zimezaa nini. Wachumi Will Dobbie na Roland Fryer walipochunguza shule 39 za mkataba za New York, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2013, waligundua kwamba vitu tuvipendavyo kuvihesabu, yaani ukubwa wa darasa, matumizi kwa kila mwanafunzi, vyeti vya walimu na mafunzo yao rasmi, havikuweza kuzibagua shule nzuri na mbaya. Ila mambo matano yaliweza, nayo ni mwalimu kutazamwa kazini na kupewa maoni mara kwa mara, alama za watoto kutumiwa kupanga masomo yanayofuata, watoto kufundishwa wakiwa vikundi vidogo vidogo mara nyingi kwa wiki, muda wa masomo kuongezwa, na kila mmoja shuleni kuamini na kudai kwamba watoto wote wataweza. Mambo hayo matano peke yake yalieleza karibu asilimia 45 ya tofauti baina ya shule na shule.

Wapo watakaofurahia maneno hayo wakasema: basi fedha si kitu, serikali ipunguze. Hao nawapinga kwa nguvu zangu zote, kwani wameusoma ushahidi nusu. Kufundisha watoto watatu watatu kunataka walimu zaidi, kuongeza saa kunataka ujira zaidi, na mwalimu mkuu hawezi kuingia darasani kumsaidia mwalimu mchanga ikiwa siku yake yote inaishia kutafuta fundi wa bomba lililopasuka. Fauka ya hayo, Kirabo Jackson na wenzake wawili walionyesha mwaka 2016, kwa kufuata maisha ya Wamarekani waliozaliwa baina ya 1955 na 1985, kwamba pale ambapo amri za mahakama na sheria mpya ziliongeza matumizi ya shule kwa asilimia 10 katika miaka yote 12 ya masomo, watoto walisoma muda mrefu zaidi, ujira wao wa utu uzima ukapanda kwa karibu asilimia 7, na walionufaika zaidi ni wale waliotoka katika nyumba za kimaskini. Fedha ina kazi, na kazi kubwa. Ila haifanyi kazi kwa kuwamo tu katika daftari, hufanya kazi imfikiapo mtoto kwa mkono wa mwalimu.

Na daftari lenyewe lazima liwe wazi. Shule moja ya mkataba ya New York hupewa vyumba ndani ya jengo la mji bila kodi, na nyingine hulipa pango la soko; moja ina wahisani matajiri, na nyingine ina hazina ya umma tu. Mwaka 2011 Gary Miron wa Western Michigan University pamoja na wenzake walidai kwamba mtandao mashuhuri wa shule za mkataba uitwao KIPP, ulioanzia Houston mwaka 1994, hupata kwa kila mwanafunzi fedha nyingi kuliko shule za wilaya zilizo jirani, michango ya wahisani ikihesabiwa. KIPP wakaipinga hesabu hiyo, na ubishi ukawa mrefu. Kwangu mimi, kuwapo kwa ubishi ni taksiri tosha: mtoto wa umma anaposomeshwa kwa fedha ya umma na ya wahisani, raia hawapaswi kubishana juu ya kiasi chake, bali kiasi hicho kichapishwe kila mwaka, jengo na misaada vikiwemo, kwa mfano mmoja unaotumiwa na shule zote.

Swali la nne, la waliopotea njiani, ndilo chungu kuliko yote, na ndilo liulizwalo kwa nadra. Shule yaweza kupanda kwa kufundisha, na yaweza kupanda kwa kuwaondoa wanaoishusha: mzazi akiitwa shuleni kila wiki kwa makosa madogo ya mwanawe, akaambiwa kwa upole kwamba labda pengine patamfaa zaidi, mwisho humhamisha, na katika orodha jambo hilo huonekana kama ufaulu umeongezeka. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani iliripoti mwaka 2012 kwamba watoto wenye ulemavu walikuwa asilimia 11 ya wanafunzi wa shule za umma za kawaida na asilimia 8 tu ya wanafunzi wa shule za mkataba. Kwa upande wa KIPP, wachunguzi wa Mathematica walikuta kwamba wanaoondoka hawakuzidi wale wa shule za jirani, ila nafasi zao katika madarasa ya juu zilijazwa kwa uchache, na waliozijaza walikuwa aghalabu watoto wenye alama nzuri. Hata hivyo walihakikisha kuwa jambo hilo halikutosha kueleza maendeleo makubwa waliyoyaona mwaka 2013 katika shule za kati 43 za mtandao huo, ambayo katika hesabu yalifikia miezi 11 ya ziada baada ya miaka mitatu. Hivi ndivyo uchunguzi mwema unavyofanya: hauzibi masikio kwa lawama, wala hauipokei lawama kabla ya kuipima.

Tena mtihani, hata ukipimwa kwa insafu yote, si mwisho wa elimu. KIPP wenyewe walifanya jambo la kusifiwa mwaka 2011 walipotangaza kwamba miongoni mwa wanafunzi wao wa kwanza, waliomaliza shule ya kati miaka kumi au zaidi nyuma, asilimia 33 walikuwa wamehitimu shahada ya miaka minne. Kiwango hicho kilikuwa mara nyingi zaidi ya kile cha watoto wa kimaskini nchini humo, ambacho wao walikihesabu kuwa karibu asilimia 8, lakini kilikuwa chini sana ya kile walichokitumaini. Nao badala ya kukificha wakakichapisha, kisha wakaanza kuwafuata wanafunzi wao hadi vyuoni ili wajue wanakwama wapi. Shule inayowauliza waliohitimu habari zao baada ya miaka kumi ni shule inayojua maana ya kazi yake.

Na shule zinazoshurutishwa kuleta alama kwa njia yoyote huishia kuzileta kwa njia yoyote. Mji wa Atlanta, ambao shule zake zilisifiwa nchi nzima kwa kupanda kwa alama, uligunduliwa na wachunguzi wa jimbo mwaka 2011 kuwa ulikuwa na udanganyifu katika shule 44 kati ya 56 walizozikagua. Walimu na wakuu wa shule walikuwa wakifuta majibu ya watoto na kuandika yaliyo sahihi, na baadhi yao walihukumiwa mahakamani mwaka 2015. Hizo hazikuwa shule za mkataba, zilikuwa shule za kawaida za mji, nami nazitaja ili isidhaniwe kwamba ugonjwa huu una jina la aina moja ya shule. Waliodhulumiwa zaidi ni wale watoto walioandikiwa kuwa wanajua kusoma, wakanyimwa msaada ambao wangeupata kama ukweli wa udhaifu wao ungaliandikwa.

Mambo haya hayawahusu walio ng'ambo peke yao. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne liliacha desturi ya kutaja shule kumi bora na watahiniwa kumi bora, na likashutumiwa na waliosema kuwa limeua ushindani. Mimi naona Baraza lilifanya haki, kwa kuwa orodha ile ililinganisha shule ya bweni iliyochuja wanafunzi kwa mtihani wa kujiunga na shule ya kata iliyopokea kila mtoto wa kijiji. Lakini kuiondoa orodha isiyo ya haki ni nusu ya wajibu, na nusu iliyobaki ni kuweka mahali pake kipimo cha haki, ambacho kitamwambia mzazi shule ya mtoto wake imeongeza nini juu ya kile alichokuja nacho. Takwimu za darasa la saba zipo, za kidato cha pili zipo, za kidato cha nne zipo. Kuzifunga pamoja kwa kila shule si muujiza.

Nitaambiwa kuwa yote haya ni magumu kwa mama anayefanya kazi mbili Minneapolis na asiye na saa ya kusoma ripoti. Ni kweli, na ndiyo sababu wajibu wa kwanza ni wa serikali za majimbo na wa ofisi zinazotoa mikataba: wachapishe, katika ukurasa mmoja na kwa lugha za wazazi, Kiswahili kikiwemo pale tulipo wengi, mwendo wa watoto tangu kuingia hadi kutoka, idadi ya walioondoka kila mwaka na kama nafasi zao zilijazwa, idadi ya wenye ulemavu na ya wanaojifunza Kiingereza, matumizi kwa kila mtoto pamoja na misaada, na idadi ya walimu waliobaki kutoka mwaka uliotangulia. Mkataba usihuishwe wala usifutwe kabla mambo hayo hayajatazamwa kwa pamoja na kwa miaka isiyopungua mitatu.

Nawe mzazi, wakati ungali ukiingoja karatasi hiyo, usione haya kuuliza. Nenda shuleni siku ya kazi, si siku ya sherehe, uombe kukaa darasani. Uliza watoto waliokuja wakiwa nyuma kama mwanao wamefika wapi sasa, na usikubali kujibiwa kwa jina la mtoto mmoja aliyeng'ara. Uliza darasa la tano lilikuwa na wangapi na la nane limebaki na wangapi. Uliza mwalimu wa hesabu ana muda gani pale, na ni nani huingia darasani mwake kumsaidia. Uliza mtoto akishindwa kuelewa leo, kesho hufanyiwa nini. Mkuu wa shule aliye mwema atayafurahia maswali hayo, kwa maana ndiyo anayojiuliza mwenyewe kila siku. Na asiyeyapenda amekwisha kukujibu. Haki ya kuuliza umeilipia kwa kodi yako na kwa mtoto wako, itumie.